Somo la Benchi la Stesheni

Mwalimu, nisikilize taratibu, maana kitabu nitakachokueleza ni kizuri. Ni kijitabu cha watoto, chenye picha, juu ya mwanamke wa nchi ya mbali aliyeketi kwenye benchi la stesheni ambalo watu weusi walikatazwa kulikalia, akagoma kuinuka hadi sheria ikabadilishwa.

Nilikuwa darasa la tano, shule moja ya mtaa wa Ng'ambo. Tuliketi kwa alama: wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma ukutani. Mimi nilikuwa wa ukutani. Macho yangu hayaoni mbali, lakini wakati ule sikujua; nilidhani ubao wa kila mtu una ukungu. Sioni, nafeli, nafeli, nabaki nyuma.

Mwalimu wetu alikuwa Mnyamwezi na baba yangu mtu wa pwani, kwa hiyo tulikuwa watani. Utani huo ulianza zamani, wapagazi wa misafara walipokuwa wakishuka pwani na kurudi. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Alipomaliza kutusomea akasema tuigize. "Mtani, njoo wewe. Sura ya kuonewa unayo tayari."

Darasa likacheka. Akanikalisha dawati la mbele, wengine wote wakawa askari na abiria wenye hasira.

"Ondoka hapo, kilaza!"

"Ananuka papa huyo!"

"Rudi ukutani kwenu!"

Mmoja akanikung'utia kifutio kichwani. Mwalimu akajishika mbavu kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, vumbi la chaki likiniingia mdomoni, kwa sababu utani ni utani.

Kisha nikainua macho, nikauona ubao. Herufi zilikuwa zimeachana, kila moja peke yake. Nikasoma jina la somo. Nikasoma hesabu ya jana, ile niliyochapwa kwa kuikosa, na jibu nikalijua.

Kengele ikalia.

"Haya mtani, rudi kwako."

"Naomba nibaki hapa, mwalimu."

"Igizo limeisha."

"Hapa naona, mwalimu."

"Na huyu wa kwanza akae wapi, mapajani mwako?"

Wakacheka tena. Nikashika dawati kwa mikono miwili, kama kwenye picha.

Hapo utani ukaisha. Alinichapa vidole kwa fimbo mpaka vikaachia, kijitabu kikiwa bado kwapani mwake, akaniburuta kwa kola hadi ukutani. Akatengeneza shati lake, akaligeukia darasa.

"Leo tumejifunza nini?"

"Haki, mwalimu!" wakaitikia wote.

Nilikaa ukutani hadi mtihani wa darasa la saba, nikafeli. Miwani niliipata nikiwa tayari mama, huku mtaa wa Kanyenye, na kitu cha kwanza nilichosoma nayo kilikuwa kijitabu hichohicho, nilichomnunulia mwanangu. Bado nakipenda. Usiogope kukipeleka darasani. Mtoto aliyezoea kusukumwa atakuelewa haraka kuliko unavyodhani, na huenda akakuamini pia.

Basi kesho, kabla hujakifungua, mwite mtoto anayekaa ukutani, mkalishe dawati la mbele, mwombe akusomee ubao. Akiweza, mwache hapohapo.