Inchi Nne

Mjini Unguja iko nyumba moja ya pwani ambayo vyuma vya madirisha yake nilivichomelea mimi, na mpaka leo, pamoja na chumvi yote ile, ukivishika ukavitikisa havitikisiki. Vijana wanaojifunza kazi hii huambiwa waende wakavitazame. Mimi nikipita njia ile hugeuza uso nikatazama maji.

Ni nyumba ya ghorofa mbili, na baina yake na bahari ipo barabara tu na ukuta. Baada ya Mapinduzi chini na ghorofa ya kwanza zilifanywa bohari ya serikali: mchele, sukari, majora ya nguo. Ghorofa ya juu alibaki bibi mmoja peke yake. Wanawe walishaondoka, mmoja Mombasa, mwengine Maskati. Walipotaka kumchukua aliwajibu kuwa miguu iliyoshindwa na ngazi za nyumba yake mwenyewe haiwezi kupanda meli. Na kweli miguu ilikuwa imemvimba, hata kutoka chumbani mpaka jikoni alikuwa akishika ukuta.

Bibi huyo alikuwa somo wa mama yangu. Yeye ndiye aliyemfunda mama alipokuwa anaolewa, akamkalisha ndani, akamfundisha mambo ya mume na ya nyumba. Mwanamke aliyekufunda namna hiyo huwa mzazi wako wa pili mpaka mmoja wenu atiwe kaburini. Sisi tulikuwa tunakaa Jang'ombe, na haikupita wiki mama asimpelekee kitu.

Chakula chake Bibi alikinunua kwa kikapu. Wanawake wengi wa mjini wakifanya hivyo zamani: kikapu cha ukindu kinafungwa kamba, kinateremshwa dirishani, muuzaji anatia samaki au mchicha na kikapu kinapanda. Ukiwa chini ulivuta kamba mara mbili na kuita, naye hujibu kutoka juu, "Naam!" kwa sauti nyembamba kama ya msichana, kisha hutoa kichwa, mtandio umemfunika mpaka machoni, atazame nani amekuja. Msimamizi wa bohari alikuwa akifunga mlango mkubwa kila alasiri na kuutia lakiri, muhuri wa serikali, na mlango ulikuwa huo huo mmoja. Leo mtu ataniuliza vipi mlikubali mwanamke mzima afungiwe namna ile. Siku zile hatukuliona hivyo. Dirisha lilikuwa wazi, kikapu kinashuka, mtu anaitika, na sisi tukatosheka.

Mwezi wa Shaaban, miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi na mwenzangu wa karakana, Mtumbatu mmoja mchache wa maneno, tulipewa kazi ya kutia vyuma madirisha yote yanayotazama bahari. Wezi walikuwa wakipanda kwa bomba la maji ya mvua. Msimamizi alitaka mpaka ya juu yatiwe, maana mwizi akishaingia juu hazuiliki kushuka chini. Nafasi baina ya chuma na chuma iwe inchi nne: mkono upite, kichwa kisipite. Nilipima dirisha moja la chini nikaandika. Madirisha yote ya uso ule yalijengwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo sikuona sababu ya kupanda juu kupima.

Lakini nisijifiche nyuma ya kipimo. Sikupanda juu kwa sababu ya adabu. Mle ndani alikuwemo mwanamke peke yake, na mwenzangu hakuwa hata jamaa. Basi tulifunga jukwaa la miti kwa nje, mashine ikasimamishwa barabarani, nyaya tukazipandisha kwa kamba. Kabla hatujafika dirishani kwake nilimwita.

"Bibi! Ni sisi mafundi! Tutakuwa hapa siku tatu. Funga mbao, ujistiri!"

"Naam!" akajibu, na mbao za dirisha zikafungwa.

Siku tatu tulichomelea mbele ya mbao zilizofungwa. Cheche zikianguka mpaka barabarani, wapita njia wakitutukana, nami nikiwarudishia, maana ulimi wangu siku zile ulikuwa moto kuliko mashine. Lakini kwa Bibi tulikuwa na heshima hasa. Mwenzangu alipokuwa akikwangua vyuma aliligeuzia dirisha mgongo, asije akachungulia penye ufa. Naye Bibi kwa stara yake hakufungua hata mara moja, wala hakuteremsha kikapu mbele ya wanaume wanaoning'inia dirishani kwake. Alikula alichokuwa nacho. Mimi niliyekijua kikapu kile tangu utotoni, niliyekivuta kamba mara ngapi sijui, nilisimama siku tatu mahali kinapopitia na hakikunijia akilini. Tulipaka rangi, tukavunja jukwaa, nikarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa bahari kuitazama kazi yangu. Nilifurahi nayo.

Siku ya pili yake mama alirudi kutoka mjini hakuvua hata buibui.

"Umefanya nini wee?" akaniuliza. "Kikapu cha somo yangu hakipiti. Umemfungia."

Nilikwenda siku ile ile. Mlango wa bohari ulikuwa bado wazi, nikapanda ngazi nikapiga hodi.

"Karibu, fundi."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuitazama jela yako?" Kisha akacheka mwenyewe, akanionesha kikapu amekisukuma kwenye vyuma mpaka mdomo umepinda. "Kikapu si kitu. Mimi kilichonikera ni kichwa. Nlikuwa nnatoa kichwa, nnamwona muuza samaki tokea kule mbali. Sasa nnamsikia tu."

Sikujua pa kuweka uso. Nikamwambia, "Kabla ya Idi ntakutilia kidirisha hapa, na bawaba zake na komeo kwa ndani. Ufungue mwenyewe, utoe kikapu, utoe na kichwa."

"Inshallah," akasema. Hakuonesha kuniamini wala kutoniamini. Aliniletea kahawa akishika ukuta, nami nikainywa kwa aibu.

Nilimwendea msimamizi wa bohari. Akaniuliza kama nina akili, nataka kutoboa dirisha la bohari ya serikali. Nikamwambia juu si bohari, juu anakaa mtu. Akasema nyumba ni moja, na bila ya barua chuma hakikatwi. Barua iliandikwa, ikaondoka, haikurudi. Ningeweza kuvikata vyuma vitatu kwa gesi bila kumwambia mtu. Sikuvikata. Niliogopa. Ilikuwa miaka ya kuogopa, na mimi niliyekuwa natukana hata nyundo ikiniponyoka, mbele ya mtu mwenye muhuri nilikuwa laini kama uji.

Ramadhani ilipoanza tulipelekwa Mkokotoni, mimi na mwenzangu, kusimamisha nguzo na mapaa ya chuma ya banda la soko karibu na maji. Mwenzangu alifurahi, kisiwani kwao kulikuwa pale ng'ambo tu. Mimi kila nikipata kipande cha chuma kilichobaki nilikiweka kando, na kwa vipande hivyo nikamtengenezea Bibi kidirisha chake. Nilikipiga msasa mpaka pembe zote zikawa laini, asije akajikwaruza mkono. Bawaba nilizitia grisi. Sijapata kuitengeneza kazi kwa mapenzi namna ile, si kabla wala si baada.

Huku mjini Bibi hakukaa kungoja. Ramadhani ni mwezi wa kupelekeana futari, na sahani za majirani zilizozoea kupanda kwa kikapu hazikuweza kupita tena, wala bakuli, na jua likizama mlango ulikuwa umeshafungwa zamani. Basi alisuka kikapu kingine, chembamba, kirefu, kama mkono wa kanzu. Kilipita baina ya vyuma. Kiliweza kuchukua boflo moja la mkate, au samaki mmoja asiwe mnene, au chupa ya uji iliyozibwa kwa kitambaa. Wauzaji walikiita soksi ya Bibi, wakacheka, naye akacheka nao kutoka nyuma ya vyuma. Mama ndiye aliyenieleza haya niliporudi, siku mbili kabla ya Idi. Aliyaeleza bila kucheka.

Kidirisha nilikileta mjini, nikakiweka karakana. Barua ilikuwa bado. Nikajiambia, sikukuu ipite, nitamwendea tena yule bwana wa bohari.

Siku ya Idi, baada ya sala, mama alinipa halua iliyofungwa kwenye karatasi.

"Mpelekee somo yangu. Mlango wamefunga mpaka sikukuu imalizike, tia kikapuni. Mpe mkono wa Idi. Mwambie kesho ntakuja mwenyewe."

Nilikwenda nimevaa kanzu mpya. Maji yalikuwa yamejaa, mawimbi yanapiga ukuta na kurusha mpaka barabarani. Ile soksi ilikuwa inaning'inia. Nilipotia mkono nikakuta chini yake mna boflo, limekauka. Nikafikiri muuzaji mmoja amewahi mapema. Nikaisukumia halua juu yake, nikavuta kamba mara mbili.

"Bibi! Idi mubaraka!"

Sikusikia naam. Bahari ilikuwa na kelele. Niliita tena, nikatazama juu. Zamani ningekiona kichwa, au ningekikosa nikajua. Sasa niliona vyuma vyangu tu, vimepakwa rangi vizuri, vimenyooka. Kanzu ilianza kulowa. Wenzangu walikuwa wananingoja uwanja wa sikukuu, Mnazi Mmoja. Nikaenda zangu.

Adhuhuri nilipofika nyumbani mama alikuwa baina ya masufuria, wageni wamejaa uani.

"Kaitika?" akaniuliza.

"Kaitika," nikajibu.

Nilisema hivyo ili nisirudishwe. Hapana sababu nyengine, na nimeitafuta miaka yote hii. Mama akasema alhamdulillahi, akaendelea kupakua. Siku ya pili wageni walimzidi, na kwa kuwa somo yake ameitika, hakuwa na haraka.

Siku ya tatu alikwenda. Aliikuta ile soksi inaning'inia, boflo chini na halua juu. Aliita mpaka watu wakakusanyika. Mlinzi wa bohari alikuwa upande wa pili, kwenye mlango, akasema funguo anazo msimamizi na msimamizi yuko Chwaka kwa wakwe zake, na lakiri ya serikali yeye haivunji hata aje nani. Lakini madirisha ya juu, akasema, hayamo kwenye lindo lake.

Ndipo nilipofuatwa mimi. Tulibeba mitungi ya gesi kutoka karakana, mwenzangu na mimi, tukaegemeza ngazi ndefu iliyoazimwa bandarini. Nilipanda. Nilivikata vyuma vitatu, na kazi niliyoambiwa haiwezekani bila ya barua ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mwenzangu alivipokea vipande akavishusha kimoja kimoja, asivitupe vikapiga kelele. Mbao za dirisha zilikuwa wazi. Safari hii sikusema ujistiri.

Alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya dirisha, amejiviringa, uso ukutani. Ncha ya kamba ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kitanda, nayo imekazwa na uzito mdogo ule ulioning'inia nje. Nilimfunika kanga. Kisha nikakaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, watu wa barabarani wakajua.

Msimamizi aliletwa kutoka Chwaka, mlango ukafunguliwa, wanawake wakapanda kumkosha. Mama alikuwa mmoja wao. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Mama alikuwa amekosha maiti wengi maishani mwake, na anayeifanya kazi hiyo humjua maiti wa siku moja na humjua wa siku tatu, hahitaji kuambiwa. Alipotoka mikono yake ilikuwa bado imelowa. Alisimama mbele yangu akanitazama. Nikangoja aniulize. Akashuka.

Barua ilikuja baada ya arubaini. Ilikuwa imekubaliwa. Nilikipeleka kile kidirisha nikakichomelea mahali pake, kwa kuwa tundu lilikuwa wazi na bohari inataka kufungwa. Kipo mpaka leo, komeo limegandana kwa kutu.

Idi iliyofuata nilimkuta mama mlangoni ameshavaa buibui, amekamata halua ya kumpelekea jirani yetu mmoja mgonjwa. Nikanyoosha mkono.

"Nipe, mama, nikupelekee."

"Usijisumbue," akasema, akatoka mwenyewe.

Aliishi miaka kumi na zaidi baada ya hapo. Tulikula pamoja, tulicheka, nilipooa alinifurahia, na alipougua nilimuuguza mimi. Lakini hakunituma tena popote.