Neno Lililobaki kwa Mama

Mimba yangu ya tatu ilipoharibika, nilikuwa na miaka sita kwenye ndoa. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mjini, mtaa wa Lizaboni, nyuma ya duka la madaftari. Mume wangu hakunilaumu kwa mdomo. Alirudi kazini, akala, akageukia ukutani. Kwa hiyo jirani aliponiambia kuna nabii anaombea matumbo yaliyofungwa, nilivaa viatu siku hiyohiyo.

Niseme ukweli, nilipapenda. Parokiani nilikolelewa waliniambia pole, ni mapenzi ya Mungu, kisha wakaendelea kupanga zamu za usafi. Chini ya turubai la nabii niliitwa mbele, nikashikwa kichwa, watu wakalia kwa ajili yangu. Nilianguka. Kila Ijumaa nilianguka, na kila Ijumaa nikaambiwa nimefunguliwa.

Ijumaa ya nne nabii alinisogelea sikioni.

"Dada, tumbo lako limefungwa kwa kitambaa. Aliyekifunga ni mwanamke. Wewe umenyonya kwake."

"Mama yangu?"

"Mimi sijamtaja. Umemtaja mwenyewe."

Mama alikuwa mjane, analima mahindi kijijini Maposeni. Alikuwa ametunza sandukuni kitenge alichonibebea nikiwa mchanga, na kila nikienda kumsalimia alikitoa kukianika jua. Kile kitenge kikanijia akilini palepale. Sikukumbuka mgongo wake ulionibeba. Nilikumbuka kitambaa tu.

Niliacha kupokea simu zake. Alipotuma unga kwa mtu aliyekuwa anakuja mjini, niliumwaga chooni. Mwisho alikuja mwenyewe. Alipiga hodi asubuhi, amevaa nguo za kanisani, mkononi ana mkungu mdogo wa ndizi. Sikumwamkia. Nilisimama mlangoni na chupa ya maji ya upako.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Nakukemea!"

"Unanikemea mimi?"

Nikammwagia usoni. Majirani wakatoka. Mama alijifuta kwa ncha ya kanga, akaweka ndizi chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka kwa miguu.

Habari ilifika Maposeni kabla yake. Mtoto wa tumboni mwake ndiye kasema ni mchawi, nani angebisha? Wanawake waliacha kununua togwa yake. Kwenye misiba hawakumruhusu kushika sufuria. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Haya nilikuja kuyajua baadaye, na niliyajua moja moja.

Ilipita karibu miaka minne, mimba ya nne nayo ikatoka. Nabii akasema kuna dhambi ninaificha. Mume wangu hakusubiri niitaje. Alihamia mtaa wa Mjimwema kwa mwanamke mwingine, na mwaka haukuisha wakapata mtoto. Alipoondoka nilikuwa bado natoka damu, jirani akanipeleka hospitali, yule yule aliyeniambia habari za nabii. Daktari alikuwa binti mdogo, ameshachoka. Alinipima, akaniuliza mimba zote nne zilitoka zikiwa na miezi mingapi.

"Mlango wa kizazi chako haukazi," alisema. "Mtoto akipata uzito kidogo, unafunguka. Ungekuja mimba ikiwa changa, tungeushona."

"Kuna kitu kimefungwa ndani?"

"Mama, nimekwambia unafunguka. Hakuna kilichofungwa."

Mtu angedhani nilikimbia Maposeni jioni ile. Sikwenda. Nilikaa mwaka mzima na ule ukweli, kwa sababu aibu nayo ina uvivu wake. Turubai niliacha kwenda, lakini hofu haikuniacha. Bado nilikuwa naosha mikono mara tatu kabla ya kula, kama nabii alivyonifundisha, na nilijidharau huku nikiosha.

Kisha nikapigiwa simu: mama ameanguka shambani, upande wa kulia umekufa.

Nilimkuta kwenye mkeka, kichwa chake kwenye mapaja ya jirani yake, mama mmoja Mwislamu aliyetokea Tunduru. Katika miaka yote ile ndiye pekee aliyeendelea kubisha hodi kwake. Nilimwamkia huyo jirani, "Shikamoo." Aliitikia huku akimfuta mama mdomo.

"Marahaba. Umechelewa sana, mwanangu. Maji yapo jikoni. Leo utamwogesha wewe."

Nilimwogesha. Alikuwa mwepesi. Nikapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, nikasema yote, ya unga, ya nabii, ya daktari, nikasema, "Mama, nisamehe."

Mama akasema, "Haya."

Nililia kwa furaha. Jioni nikamuuliza kama atakunywa uji. "Haya." Nikamwambia nguruwe wa watu wameingia shambani. "Haya." Ndipo jirani akanieleza kwamba tangu aanguke hana neno lingine. Sitajua kamwe kama alinisamehe, au kama ulimi wake ulikuwa hauna pengine pa kwenda.

Nilikwenda kuungama. Nilitegemea padre aniambie nisali rozari kadhaa niondoke. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia mama yako ni mchawi?"

"Nabii, Baba."

"Na watu wa Maposeni waliambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi waambie tena. Mungu anakusamehe leo, hapa. Lakini jina la mama yako uliliondoa mbele za watu, na mbele za watu ulirudishe."

Jumapili tulimpakia mama kwenye mkokoteni wa mahindi, tumemwekea godoro, mimi na yule mama wa Tunduru tukavuta mpaka kanisani. Yeye, kwa kuwa ni Mwislamu, alibaki nje chini ya paa la sakristia. Baada ya matangazo padre akanipa ishara. Nikaenda mbele, nikawageukia watu.

"Mama yangu si mchawi," nilisema. "Hajawahi kuwa. Mimi ndiye nilimsingizia, na ninyi mlinisadiki upesi mno."

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye kitubio nilichopewa na padre. Lilitoka lenyewe. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyelia. Mtu alikohoa, wanakwaya wakatazama vitabu vyao. Niliporudi kwenye benchi nilikuwa nimelowa jasho, nikagundua siogopi. Sikuanguka, sikusikia moto. Niliogopa wachawi, vitambaa na mikono ya watu kwa miaka mitano, na sasa nilikaa kando ya mama yangu nikiwa siogopi kitu. Nilipopokea komunyo nililisema jina la Yesu kimoyomoyo, mara moja, bila kelele. Lilitosha.

Wiki ile wanawake wakaja, mmoja mmoja, kila mtu na kisahani cha unga kilichofunikwa. Walizungumza habari za mvua. Mama aliwajibu wote, "Haya."

Aliishi miezi minne tu baada ya hapo. Kwenye msiba wake wanawake waliomnyima sufuria walipika masufuria makubwa, wakaimba kwa sauti nzuri, wakamsifu kwa ukarimu. Niliwaangalia wanavyokula, chakula kikanishinda. Yule mama wa Tunduru alinishika kiwiko. "Vumilia," alisema. "Wanajaribu."

Siku hizi naishi Maposeni, nalima lile shamba, mtoto sina. Jumuiya ya kanisani huniomba nitoe ushuhuda, na wanapenda niumalizie pale nilipopokea komunyo. Siumalizii pale. Nawaambia Mungu amenifungua na ninajua saa aliyonifungua, ila hakunirudishia miaka mitano, wala watoto wanne, wala sauti ya mama.

Nabii bado yupo, turubai limekuwa ukumbi wa matofali. Juzi nilimwona sokoni mjini anachagua maparachichi, akanisalimia kwa uchangamfu, hakunikumbuka. Padre anasema nimwombee kila siku, hata kama moyo haujataka. Naanza Baba Yetu vizuri. Nikifika kwenye kusamehe waliotukosea, sauti inakatika, napumzika kidogo, naanza upya.