Majok, Dume la Kuol

Nyandeng alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, mkavu, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli moja ya mahema kando ya mto, hapa Juba, mtaa wa Juba Na Bari. Shuka mgeni amelilalia usiku mmoja tu linarudi kwake, utafikiri watu wale hulala wamejipaka matope. Kila siku saa kumi akimaliza alikuja kwenye kibanda changu kunywa chai, vidole vimekunjamana kwa maji. Kabla hata ya kunisalimu alitoa kimashine cha gemu mfukoni mwa sketi, akakiwasha, akatazama, akasema, "Bado yupo."

"Nani?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Majok."

Nikafikiri ni mume wake aliye mbali, na picha yake iko humo. Nikachungulia. Niliona dude. Dude la mawe, jeusi na jeupe, lina pembe mbili na miguu kama vinu.

"Huyu ndiye Majok? Dada, kuna wanaume wengi Juba hii."

Hakucheka. Nyandeng hakuwa mtu wa kucheka upesi. Lakini alinieleza, na mimi ninavyopenda kujua mambo ya watu, nilivuta kiti.

Gemu yenyewe ni hivi: unalea dude lako, linakua, kisha unaunganisha kimashine chako na cha mwenzako kwa waya, na madude yenu yanapigana. Majok alilelewa na kaka yake, Kuol. Kwao Wadinka kijana akiingia utu uzima hupewa dume la ng'ombe, huitwa kwa jina la rangi ya dume hilo, na hulitungia wimbo. Kuol aliingia utu uzima Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya, ambako ng'ombe waliokuwa karibu naye ni wale waliochorwa kwenye makopo ya maziwa ya unga. Akapata kimashine hiki kwa rafiki wa Eldoret. Akalea dude, akaliita Majok, jina la dume jeusi na jeupe. Wenzake walicheka, halafu nao wakatafuta vimashine vyao.

Mwaka wa 2006 walirudi Juba, dada na kaka, wakajenga kibanda cha udongo mtaa wa Lemon Gaba. Mwaka uliofuata, mvua ikiwa imeshika, malaria ilimchukua Kuol kwa siku nne. Kwenye msiba baba yao mdogo alisimama akasema, "Mwanangu ameondoka bila mke, bila mtoto, bila hata mkia wa ng'ombe."

Nyandeng akasema, "Ana dume." Akatoa kimashine.

Mzee akakitazama, akacheka, pale pale kwenye msiba. "Ng'ombe wa betri!"

Tangu siku hiyo Nyandeng alikitembeza mfukoni.

Sasa, mwezi wa tatu mwaka wa 2009, alikuja kwangu mbio, sabuni bado mikononi. Amewasha, Majok hayupo. Amezima, amewasha tena, amerudi. Nikampeleka kwa Trevor. Trevor ni fundi simu, Mkenya mwenzangu, mtu wa Nakuru, meza yake imeegemea ukuta wangu na chai yangu anakunywa kama maji ya mvua. Akachomoa kaseti ya gemu nyuma ya kimashine, akaifungua kwa bisibisi ndogo, akatuonyesha kibetri cha duara kama kifungo cha shati.

"Hiki ndicho kinashika kumbukumbu ukizima. Kimekaa humu karibu miaka kumi. Kimechoka. Kila ukizima unacheza kamari."

"Badilisha," Nyandeng akasema.

"Nikikitoa, kila kitu kinafutika. Majok lazima kwanza ahamie kaseti nyingine kwa waya. Nabadilisha, kisha anarudi."

Nyandeng alielewa kabla Trevor hajamaliza. Kwao zizi likiingiwa na ugonjwa, ng'ombe hupelekwa kwa rafiki, akae huko mpaka mambo yatulie. Ni hilo hilo tu. Shida ni kwamba kaseti nyingine ya aina hiyo Trevor aliijua moja tu Juba nzima, na ilikuwa ya Dut.

Dut alikuwa karani wa jeshi, huko makao makuu ya Bilpam. Alilala hema moja na Kuol kambini. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, gwanda limepigwa pasi hadi linakata, tumbo limeanza kuzoea kiti cha ofisi.

"Mama Chai, leta chai yenye nguvu."

"Nguvu uje nazo mwenyewe. Mimi naleta sukari."

Akaweka vijiko vinne. Nyandeng akamweleza shida yake yote, polepole, macho chini, kama mtu anayeomba mbele ya wazee. Dut akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuol alinipiga na dume hilo mara tatu," akasema. "Mbele ya watu. Siwezi kuliingiza zizini kwangu kama mgeni na kulitandikia mkeka. Lipigane kwanza na langu. Dume kwa dume. Nikishindwa, nitamhifadhi, fundi afanye kazi yake, na atarudi kwako. Nikishinda, ni wangu."

"Dut, ni wa marehemu."

"Ndiyo sababu. Marehemu aliniachia aibu na hakungoja nimrudishie."

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Nikamwambia, "Mwanamume mzima, na nyota begani, unagombania katuni na dada wa marehemu?"

Akanitazama bila hasira. "Mama, sisi tumegombania vitu vidogo kuliko hicho." Akamgeukia Nyandeng. "Jumapili ijayo. Saa tisa."

Basi wiki ile meza ya Trevor ikawa shule. Dude la Dut liliitwa Komando, ndege wa radi, mwenye mbio. Linapiga kwanza, linapiga sana. Majok ni mzito, anapiga wa pili siku zote. Halafu kuna sheria: dude hushika mbinu nne tu. Ukitaka kulifundisha ya tano, lazima lisahau moja, na likisahau limesahau milele. Majok alikuwa na Kuvamia, Tetemeko, Kukaza Ngozi, na Wimbo.

"Wimbo unafanya nini?" nikauliza.

"Hakuna," Trevor akasema. "Dume linalia ti-ti-ti, adui anasikiliza, basi. Hata sijui kwa nini Kuol aliuweka."

Nyandeng alijua.

Trevor akachora kwenye daftari. Njia ya kwanza: Majok avamie tangu mwanzo kwa nguvu zote. Raundi nne au tano kila kitu kimekwisha, huku au kule. "Huko una nafasi tatu kwa kumi," akasema. Njia ya pili: kungoja. Toa Tetemeko, weka Miba ya Sumu. Toa Wimbo, weka Usingizi. Majok anakaza ngozi, anamchoma Komando sumu mara moja, kisha analala na kupona, anaamka, analala tena, huku sumu inamla yule ndege kidogo kidogo. "Inachukua muda mrefu, lakini ni nane kwa kumi. Anakufa mwenyewe."

"Kwetu dume halilali vitani," Nyandeng akasema.

"Kwenu dume lina betri?" Trevor akajibu.

Alifikiria siku nne. Alifua akifikiria, alikunywa chai ikapoa akifikiria. Ijumaa akaniuliza, "Auntie Zilpah, wewe ungefanya nini?"

Nikamwambia angoje. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Na Juba nzima si ilikuwa inangoja? Watu walingoja kura, walingoja barabara, walingoja malori yaliyokwama njia ya Nimule, walingoja ndugu ambao hata hawajui wako nchi gani. Aliyekimbilia jambo mji huu nilimwona akianguka kila siku.

"Kakuma nilikaa miaka kumi na minne," Nyandeng akasema. "Kungoja ndiyo kazi ninayoijua kuliko kufua."

Jumamosi alifanya. Tetemeko alilitoa bila kusita. Ilipofika kwenye Wimbo, kioo kikamuuliza kama ana hakika. Akarudi nyuma kwanza, akamfanya Majok aimbe. Milio saba, myembamba, kama kifaranga. Nyandeng akaweka maneno juu yake, kwa Kidinka, chini chini, maneno ya Kuol ya kulisifu dume lake. Sikuelewa hata moja. Kisha akarudi kwenye swali, akabonyeza ndiyo.

"Khalas, basi," akasema. Akaenda kuanua mashuka.

Jumapili Dut alifika saa tisa kamili. Jenereta ya Trevor ilikuwa imelala siku tatu, petroli hakuna mjini, kwa hiyo hakuna umeme wa kuchomeka kimashine. Kimashine kinakula betri mbili za kawaida, na za Nyandeng zilikuwa zimekufa asubuhi hiyo, kwa sababu alitazama kama Majok yupo zaidi ya mara kumi. Maduka yamefungwa, ni Jumapili.

"Auntie, betri za redio yako ni nzima?"

"Nzima kabisa," nikasema, nikazitoa nikampa.

Hapa sina budi kusema. Betri zile nilikuwa nimezianika Alhamisi juu ya bati, juani, kutwa nzima, kama tulivyofanya nyumbani tangu nikiwa mtoto. Betri ikichoka unaianika, inapata nguvu. Redio ilikuwa imeimba vizuri tangu hapo. Kwangu mimi hiyo ni betri nzima. Sikuona kuna la kueleza.

Wakaunganisha waya. Walikaa uso kwa uso kwenye benchi langu, magoti karibu kugusana. Komando akapiga kwanza, Majok akatikisika. Majok akakaza ngozi. Komando akapiga. Majok akachoma sumu, na Trevor akapiga paja lake.

"Imeingia! Sasa lala, baba, lala!"

Majok akalala. Akapona. Komando anapiga, lakini ngozi imekaza, na kila raundi sumu inamng'ata. Dut akaanza kutoa jasho.

"Hii ni vita gani hii? Kuol hakupigana hivi."

"Kuol amekufa," Nyandeng akasema bila kuinua macho. "Mimi niko."

Raundi ya ishirini. Ya thelathini. Chai ya Dut ikafanya utando. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha maandazi kwenye mafuta, na sikumbuki mara ya mwisho kufanya ujinga huo. Uhai wa Komando ulikuwa umebaki kijimstari chekundu, raundi mbili au tatu za sumu hivi. Majok akalazwa tena, apone, amalizie.

Ndipo Trevor akasema, kwa sauti ndogo, "Taa."

Kitaa cha pembeni mwa kimashine cha Nyandeng kilikuwa kijani. Sasa kilikuwa chekundu, nacho kinafifia unakitazama. Betri ya juani ni kama mlevi: anaamka kwa kelele, anaanguka bila kuaga.

"Vamia!" Trevor akapiga kelele. "Nyandeng, vamia sasa, mmalize!"

Akabonyeza Kuvamia. Kioo kikaandika: *Majok amelala.*

Akabonyeza tena. *Majok amelala.*

Kisha kioo kikawa cheusi, na nikaona uso wa Nyandeng ndani yake.

Dut ndiye aliyesogea wa kwanza. Alifungua kimashine chake mwenyewe, akatoa betri zake, akampa. "Weka. Upesi." Nyandeng akaweka, akawasha. Muziki wa mwanzo ukalia. Siku zote hapo huja maneno mawili, la kuendelea na la kuanza upya. Lilikuja moja tu. *Mchezo mpya.*

Akazima. Akawasha. *Mchezo mpya.* Alifanya hivyo mara sita, nilihesabu, mpaka Trevor akaweka mkono juu ya mkono wake.

Dut akavua kofia. "Ungevamia tangu mwanzo," akasema, "labda ningekushinda. Sasa hivi angekuwa zizini kwangu. Angekuwa hai."

"Wewe, funga mdomo," nikamwambia.

"Anasema kweli, auntie," Nyandeng akasema.

"Malesh, pole," Dut akasema. Sijui alimwambia nani. Akaenda zake, chai hakuigusa, na tangu siku hiyo akipita barabara yangu hupita upande wa pili.

Jumatatu saa kumi Nyandeng alikuja kama kawaida. Trevor alikuwa amebadilisha kibetri usiku ule ule bila kuombwa, labda kwa sababu daftari lile la nane kwa kumi lilikuwa lake.

"Sasa itashika miaka mingine kumi," akamwambia.

Nyandeng akawasha. Akapita mwanzo, akafika mahali gemu inapomtaka mchezaji aandike jina lake. Akaketi na kimashine mkononi. Nikamwekea chai, nikamwekea na andazi ambalo hakuagiza.

"Auntie. Zile betri. Zilikuwa mpya?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, mimi sikosi. Nikasema, "Nilizianika."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa saa. "Hata Kuol alianika zake," akasema. "Kakuma, juu ya hema."

Nikaona midomo yake inacheza, anatafuta kitu, anaanza, anasimama, anaanza tena.

"Nini?"

"Maneno ya wimbo. Nilikuwa nayafuata kwa ile milio. Sasa yanakuja mawili, yanakatika."

Kile kijimstari cha kuandikia jina kilikuwa bado kinawaka na kuzimika kwenye kioo. Akakitazama kwa muda, akazima bila kuandika kitu, akakiweka juu ya meza ya Trevor kati ya simu za watu. Kisha akanywa chai yake yote, ikiwa moto vile vile, akarudi mtoni. Gari la hoteli lilikuwa limeleta mashuka mengine.