Nilivyopaka gitaa la marehemu epoxy ya meza, likashikwa na surua

Wakuu, poleni na mahangaiko.

Mimi ni fundi gitaa, niko Goma, mtaa wa Keshero, karibu na ziwa. Kiswahili changu ni cha huku, kwa hiyo polisi wa sarufi leo mchukue likizo. Haya yamenipata mimi mwenyewe na gitaa lipo. Anayebisha aje alishike, ila anawe mikono kwanza.

Kila mara humu naona mtu anauliza epoxy gani nzuri ya kuziba vinyweleo vya mbao. Kwa wasiojua, mbao nyekundu kama libuyu, hata uipige randa mpaka jasho likuishe, inabaki na vitundu vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Ukipaka vernis (vanishi) bila kuviziba, inazama humo na gitaa linatoka na sura ya mtu aliyenyolewa kwa chupa. Epoxy inaviziba, unasugua na papier ya msasa, mgongo wa gitaa unakuwa kioo.

Nilikuwa najiona bingwa wa haya mambo. Subirini.

Alinijia mama mmoja mjane, Mama Kavira, pamoja na binti yake Neema. Ni watu wa Butembo, ila marehemu mumewe, Papa Kambale, aliwahamishia Kibumba. Huko alikuwa mwalimu, analima kabichi, na Jumapili anapigia kwaya ya kanisa gitaa. Vita vilipowatoa, gitaa likabaki.

Walichobeba ni mlango.

Ndiyo wakuu, mlango. Wa libuyu, aliuchonga mzee mwenyewe, akakataa katakata kuuacha. Kule kambini Kanyaruchinya walikuwa na hema la plastiki lenye mlango wa mbao ya kitajiri. Watu walikuwa wanakuja kubisha hodi kwa kucheka tu. Baadaye wakahamia hapa Keshero, na hapa ndipo ugonjwa ulipomchukua mzee.

Sasa walikuwa wanajiandaa kutosha kilio, yaani kukiondoa. Huku kwetu ndiyo siku mjane anavua nguo nyeusi, ndugu wanakula na kuimba, maisha yanaendelea. Mama alitaka siku hiyo Neema apige gitaa lililotoka kwenye ule mlango, maana baba yake ndiye aliyemfundisha.

Kabla hajakaa, Mama Kavira alitafuta ufagio akafagia karakana yangu. Sijamwomba! Goma mnaijua, au kama hamuijui, ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkeno, na vumbi letu ni jeusi, linaingia mpaka kwenye sukari.

"Hii vumbi ndiyo ilitugombanisha na papa ya Neema miaka yote," akaniambia huku anafagia. "Anatoka mu shamba, anaingia na Kibumba yote ku viatu. Namufagilia inje yeye na vumbi yake."

Kisha akashika ule mlango.

"Fundi, mbao ni hii moja tu. Ukiiharibisha, sina mulango ingine na sina bwana ingine."

Nikasema mama, lala usingizi.

Wakuu, mkisikia fundi anamwambia mteja alale usingizi, mteja akeshe.

Kazi ya mbao ilikwenda vizuri sana. Nikapasua mlango, nikapata mgongo na mbavu za gitaa, nikapinda, nikaunganisha. Uso wa mbele niliweka mbao nyepesi niliyokuwa nayo. Mgongo niliupunguza mpaka ukawa mwembamba, ukiugonga unaitika. Hapo ndipo penye hatari: ukiwa mwembamba hivyo, kila unaposugua unakula nyama yake. Ukikosea mara nyingi, gitaa linakwisha mkononi kama sabuni.

Nikaenda Birere, kwenye maduka, kutafuta epoxy.

Muuzaji wa quincaillerie, duka la vifaa, akanipa ile ya dakika tano. Nikamuuliza kama inafaa gitaa. "Colle ni colle, grand." Yaani gundi ni gundi, mkubwa. Bahati yangu niliijaribu kwenye kipande kilichobaki. Kabla sijaisambaza ilishaganda, na nilipoisugua ikajikunja kama bazooka ya kutafuna na kuziba papier yote. Dakika tano ni za kubandika kikombe cha mama mkwe kabla hajarudi. Si za gitaa.

Nikashuka ziwani kwa wanaoziba mashua. Nao wanasema wanayo epoxy, ila huku kila kinachonuka kinaitwa epoxy. Nilipofungua kopo macho yakalia kama niko msibani. Ile ni polyester, gundi ya mashua, na kwenye kipande changu cha libuyu ilibanduka kwa ukucha. Nikawashukuru, nikapanda.

Ndipo nikamkumbuka Fiston.

Fiston ni jirani yangu, anatengeneza meza za wakubwa, zile zilizomwagiwa epoxy ya bluu katikati kama mto wa maji. Ana miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Akanipa mabaki ya epoxy yake, chupa mbili, angavu kama maji. Nikamuuliza, hii inakauka? Akacheka. "Grand, hii ni ya Dubai."

Hakunijibu swali, na mimi nikajiona nimejibiwa. Ndivyo tulivyo huku, mtu akitaja Dubai mjadala umefungwa.

Nikachanganya, nikapaka mgongo mzima wa gitaa la Mama Kavira. Bila kujaribu kwenye kipande! Zile mbili mbaya nilizijaribu, hii nzuri nikaiamini kwa sababu ya miwani.

Kesho yake bado inanata. Keshokutwa inanata. Siku ya kilio inakaribia, Neema anapita kila jioni kuuliza, na mimi nazuia mlango kwa mwili wangu kama mtu aliyeficha mwanamke.

Sikujua wakati ule kwamba epoxy ya meza ni ya kumwaga nene. Ikiwa nene inajitengenezea joto lake yenyewe na kukauka. Ukiipaka nyembamba inalala tu.

Sasa mtu wa Goma akitaka kitu kikauke anafanya nini? Anakianika kwenye mawe. Nguo tunaanika kwenye mawe ya volkeno, maharagwe kwenye mawe, mihogo kwenye mawe. Jiwe jeusi likipigwa na jua linakuwa mbabula ya makaa. Tangu tuzaliwe hatujawahi kuona kitu kilichoshindwa kukauka pale.

Nikalitoa gitaa, nikalilaza kwenye mawe nyuma ya nyumba, kifudifudi juu ya gunia, mgongo juani. Nikaenda kunywa chai kwa amani kabisa.

Niliporudi, wakuu, nilishika kichwa.

Mbao ilipopata moto, hewa iliyokuwa ndani ya vinyweleo ilitaka kutoka, ikapita kwenye epoxy. Mgongo mzima malengelenge. Na juu ya malengelenge, pikipiki zilizopita barabarani zilikuwa zimemwaga vumbi, likanasa lote. Gitaa la marehemu likawa jeusi na lina vipele.

Na aliyesimama pale analitazama ni Mama Kavira. Alikuja kufagia.

"Yesu Maria! Gitare imeshikwa na surua!"

Nilijaribu kueleza mambo ya hewa na joto. Hakunisikiliza. Alikaa kwenye jiwe, akatazama ule mgongo, halafu huyu mama anayegombeza hata kuku akaanza kulia bila sauti. Wakuu, angenitukana ningeshukuru. Niliona aibu mpaka masikio.

Akafuta uso na kitenge. "Tengeneza," akasema, akaenda zake. Siku hiyo hakufagia.

Nikaacha epoxy ikamilike kukauka ndani, kwa utaratibu wake. Halafu nikaanza kusugua, polepole, nagonga mgongo kila mara kusikia kama bado una nyama. Malengelenge yakaondoka, weusi wa juu ukaondoka, wekundu wa libuyu ukarudi.

Lakini kwenye vinyweleo vumbi lilibaki. Nikapangusa na alcool (spiriti) nione vizuri. Mbao nyekundu, na ndani yake vistari vyeusi vyembamba, kama imeandikwa kwa kalamu. Nilikaa chini. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile kwa akili yangu, na hapo akili yangu haikuhusika.

Ila vumbi lilikuwa limekamata mahali na kuacha mahali, kama ng'ombe wa mabaka. Ilibidi nimalizie.

Safari hii nilitafuta epoxy ya kupaka, nyepesi, inayokauka taratibu, ikavushwa mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda. Nikaijaribu kwenye kipande kwanza, jamani, nimekoma. Nikakusanya vumbi la dirishani, nikalichekecha na chujio la chai la mke wangu (ndoa ilitikisika), nikachanganya ndani. Mbao nikaipasha joto KABLA ya kupaka, nikapaka inapopoa, ili vinyweleo vivute ndani badala ya kupumua nje. Nikakwangua na kadi ya benki, ambayo tangu benki zifungwe Goma haina kazi nyingine. Nikasugua mara moja ya mwisho. Nikagonga. Ukaitika.

Siku ya kutosha kilio nililibeba mwenyewe. Mama Kavira alikuwa amevaa kitenge kipya cha njano. Akaligeuza gitaa, akaona vistari, akapitisha kidole.

"Hii nyeusi ni nini?"

Ningeweza kusema ni rangi ya Dubai. Nikamwambia ukweli. "Vumbi, mama. Ya hapa hapa kwetu."

Akajaribu kuitoa na ukucha, haitoki. Akafuta na ncha ya kitenge, haitoki. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Kambale, umeshinda! Sasa nitakufagia namna gani?"

Neema akapiga. Sitasema alipiga wimbo gani, ni wa kwao.

Nilichojifunza: epoxy ya meza iachieni meza. Ya kuziba vinyweleo iwe nyepesi na ya taratibu, jaribuni kwenye kipande hata kama aliyewapa ana miwani, na mbao ipashwe kabla, si baada. Jua la mawe ni la maharagwe.

Sasa mafundi mliomo, nanyi semeni mnaziba na nini. Na wajuaji wa kusema "ungetumia unga wa mbao na gundi" mje pia, nimewawekea viti.

Mama Kavira bado anakuja kufagia karakana. Ila vumbi hamwagi tena. Analiweka kwenye kopo la maziwa pale mlangoni, analifunika, ananiambia: "Ya gitare."