Nilifika, Nikarudishwa

Mimi nauza mtama na karanga soko la Majengo. Shule niliachia kidato cha pili, kabla hatujafika mada ya mwili wa binadamu. Nilichojua ni kwamba mwanaume kapewa chuchu kama shati linavyopewa kifungo cha akiba.

Kwa hiyo kilipotokea kidude kigumu nyuma ya chuchu ya kushoto, nikasema ni magunia. Nayakumbatia kuliko ninavyomkumbatia mke wangu. Baadaye chuchu yenyewe ikaanza kuzama ndani. Mke wangu akasema, "Nenda kapimwe." Wiki ileile gari la matangazo likapita: akina mama, njooni zahanati mpimwe matiti bure! Nikaenda.

Nikakaa kwenye benchi, mwanaume peke yangu katikati ya kanga. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Baba, umemleta mama?"

"Nimejileta mwenyewe. Nina uvimbe kwenye titi."

Benchi zima likacheka. Yeye akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Wewe baba una vituko! Leo ni akina mama tu. Hayo ni mafuta, punguza chipsi."

Hakuniangalia. Hata jina hakuandika. Mtu ana titi linazama, anaambiwa apunguze chipsi! Gari lile lilipita mji mzima kuita watu, halikutaja mwanaume hata kwa bahati mbaya.

Na mimi, mjinga mwenzao, niliondoka nimefurahi. Nilikuwa naogopa sindano. Nikafika sokoni nikakigeuza kisa hicho kichekesho. Miezi mitano, kila mteja nilimpimia kilo na kisa juu. Wapagazi wakawa wananisalimia, "Mama mzazi, mtoto kanyonya?"

"Kanyonya, kacheua, kalala!"

Siku moja nikamsimulia mama mmoja wa Buigiri, mpika pombe, anayenunua mtama kwangu. Hakucheka. Akashusha ndoo yake.

"Chuchu imeingia ndani?"

"Imeingia, mama. Inaona aibu."

"Ya mume wangu iliingia hivyohivyo. Na yeye alikuwa anacheka. Tumemzika."

Mtama wake nilipima nikakosea mara mbili.

Kesho yake nikaenda hospitali kubwa, nikasema siondoki mpaka mtu anishike titi. Daktari, mama wa makamo, akanishika. Akabonyeza mpaka kwapani. Wakachukua kinyama wakakipima. Majibu yakatoka: kansa.

"Mwanaume naye ana nyama ya titi, ila ni kidogo," akaniambia. "Kwa hiyo na kansa anapata. Si wengi, lakini wanapata. Tutalikata." Kisha akainama kuandika, huku anasoma kwa sauti: "Mgonjwa amechelewa kufika."

Hapo damu ikanipanda.

"Shikamoo daktari, lakini futa hiyo."

"Nifute nini?"

"Sikuchelewa kufika. Nilifika miezi mitano iliyopita, nikarudishwa, benchi zima likacheka. Andika hivyo. Nikifa, nisibebeshwe uzembe wa watu wengine."

Akaniangalia. "Na hiyo miezi mitano ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachekesha watu. Andika na hiyo. Uzembe wangu naubeba, wa kwao wabebe wenyewe."

Akakata mstari, akaandika upya, mistari mitatu. Mwandiko wa daktari, hata ningemaliza shule nisingeusoma. Nikamwambia anisomee. Akanisomea yote, neno kwa neno, ndipo nikavua shati wanitie alama mahali pa kukata.