Tulivyosukuma Baiskeli hadi Kiruruma

Mwaka jana nilirudi Nyakatuntu kumzika jirani, na kwenye mlima wa kutokea kanisani nikamwona mzee akisukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi. Nilikuwa kwenye gari, nimekaa vizuri kabisa, lakini miguu ikaanza kuniwasha. Nilitaka nishuke nikasukume naye. Mimi, ndugu yangu, sijawahi kutulia. Bibi yangu alizoea kusema nilizaliwa njiani, mama akienda mnadani, na mpaka leo sijui kama ni kweli au alikuwa ananitania.

Basi acha nikusimulie siku moja ya safari. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ule ugonjwa ulipokuwa ukipita nyumba hadi nyumba na watu wakiogopa hata kuutaja. Baba yangu alikuwa amekwenda nao. Alituachia migomba na kahawa, na baiskeli nyeusi yenye chuma cha juu, ile ambayo msichana akiipanda lazima watu wageuke. Nilikuwa darasa la saba na niliipanda kila siku kwenda kisimani, gauni nimelikunja, bibi akinigombeza nyuma. Ndipo baba mdogo alipokuja kuidai. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu jambo ambalo wengi wangelisema: "Huyu ataolewa, aende nayo kwa watu."

Bibi hakubishana naye. Vijana wa kanisa letu walikuwa wanajiandaa kwenda Bukoba kwa baiskeli, safari ya siku kadhaa, kupeleka maharage na nguo kwenye nyumba ya watoto yatima. Bibi akasema nami niende, wa kike peke yangu, na siku ya kwanza ndiyo iwe mtihani. "Akiendesha akafika Kiruruma kabla jua halijazama, ni yake. Asipofika, ije kwako." Kiruruma aliolewa shangazi yangu, dada yake baba. Yeye ndiye angenisubiri kwenye kanisa la huko, ambako tungelala, na neno lake baba mdogo asingelipinga.

Tuliondoka umande ukiwa bado kwenye migomba. Gunia la maharage lilikuwa nyuma yangu, limefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na kwenye mteremko wa kwanza niliwapita wavulana wote. Nilicheka peke yangu. Niliona Kiruruma ni hapo tu.

Lakini mwalimu wa kwaya, kiongozi wetu, alikuwa amefanya kosa. Alituma salamu kwenye makanisa yote ya njiani kwamba tutapita, watuombee. Huko kwetu, ukimwambia mtu utapita kwake, umemwambia apike.

Nyumba ya kwanza walikuwa wamesimama barabarani wakitusubiri. Tukakaribishwa ndani, tukapewa kahawa ya kutafuna, kisha ndizi na maharage vikafunuliwa kwenye majani, moshi ukituingia puani. Tukala, tukashukuru, tukaondoka. Hatukwenda mbali, wengine wakatusimamisha. Kule tukanywa omuramba, maji matamu ya ndizi, mpaka matumbo yakawa yanalia tukitembea. Nilikuwa nakula nikitazama nje, nalitazama jua. Mwenye nyumba mmoja akaniona. "Binti, haraka haraka haina baraka," akasema, akaniongezea. Ningemjibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa ndizi.

Isitoshe, hakuna aliyekubali tuondoke mikono mitupu. Kila nyumba ilitoa mkungu kwa ajili ya yatima, na mkungu wa yatima nani ataukataa? Ilipofika mchana hakukuwa na baiskeli ya kupandwa. Tulifunga fimbo kwenye usukani, ya kuongozea baiskeli ukiwa pembeni, tukashika njia kwa miguu, tukisukuma na kuhema. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa napoteza kitu cha baba kwa sababu ya ukarimu wa watu.

Nyumba nyingine ilikuwa ya mama mmoja mjane. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nimeshika usukani, nikamwambia tumechelewa.

"Mzigo huu wa nani, mwanangu?"

"Wa watoto yatima, mama."

"Na baba yako hajambo?"

Nikamwambia hayupo tena. Alinitazama, akanishika mkono, akanikalisha na kuniwekea sahani mapajani. "Basi kula. Umeshafika."

Sikuwa nimewahi kujiita yatima. Tangu asubuhi nilikuwa nikilitamka neno hilo kama jina la watoto wa mbali. Nilikula pale, machozi yakidondokea kwenye sahani, na yule mama hakuniuliza kitu kingine.

Tulifika Kiruruma jua likiwa limebaki jekundu juu ya vilima. Baba mdogo alikuwa ametangulia kwa lori, amekaa na shangazi kwenye ngazi za kanisa. Alisimama aliponiona nimeinama nyuma ya mikungu.

"Dada, umeona mwenyewe. Sharti lilikuwa kuendesha. Huyu kaikokota."

Shangazi akainuka. Alizunguka baiskeli, akajaribu kamba za mikungu kwa kidole.

"Kaka yetu alipokuwa akipeleka ndizi mnadani," akauliza, "ulimwona amepanda?"

"Hapana."

"Alikuwa akifanya nini?"

Baba mdogo alitazama chini. "Alikuwa anasukuma."

"Basi huyu kaja kama alivyokuwa akija baba yake." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa siwezi hata kunyoosha mgongo. "Ingia ndani, chakula kinapoa."

Bukoba tulifika, na baiskeli niliitumia mpaka rimu zikaliwa na kutu. Leo barabara ile imepanuliwa. Nyumba nyingi tulimokula zimeanguka, kwa maana wenyewe nao waliondoka na ugonjwa uleule, na migomba yao imemezwa na magugu. Nawakumbuka kwa sura, majina sikuyauliza, nilikuwa na haraka. Hiyo haraka bado ninayo. Sasa nafika mapema kila niendako, na simwoni wa kunichelewesha.