Sauti Tulishampa

Mume wangu alipoamua kugombea kiti katika baraza la teritwari, yaani wilaya yetu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, hakuniuliza. Aliniarifu. Alikuwa mwalimu wa misheni pale Baraka, mtu wa kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya misheni, bati lake na milango yake. Wakubwa wa misheni walimwambia wazi kwamba mwalimu hagombei. Akaacha kazi. Tukaruhusiwa kukaa mle mpaka matokeo yatoke. Akishinda, tungehamia Fizi, kwenye nyumba ya baraza. Akishindwa, tungekwenda kwa mama yake kule Nundu, kulala chumba kimoja na mbuzi. Mama mkwe nilimpenda sana. Mbuzi wake, hapana.

Taabu ya mume wangu ilikuwa Kifaransa. Hotuba aliiandika kwanza kwa Kifaransa, halafu akaigeuza Kiswahili neno kwa neno, akitembea uani huku na huku mpaka kuku wakamkimbia. Kwa Kifaransa, kura na sauti ni neno moja. Neno kura hakulitaka. Alisema linanuka kubahatisha, kama watoto wanaogawana samaki. Akachagua sauti. Nilimwambia watu hawatamwelewa. Akaniambia mimi si mpiga kura. Kweli, mwaka ule waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, nami nikanyamaza, jambo ambalo nimelifanya mara chache maishani.

Ngome yake ilikuwa kijiji cha wavuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, kando ya barabara ya Mboko. Watoto wao wote walikuwa wamepita mikononi mwake darasani. Akasimama mbele yao, mimi nyuma yake, akafungua karatasi, akasema: "Bandugu, siwaombi kitu ingine. Munipe sauti zenu."

Wakatazamana. Kijiji kile kilisifika kwa kwaya, na mwongoza kwaya, mzee mfupi mwenye kifua kipana, akainuka akakohoa kidogo. Wakampa. Walimpa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, tangu jua la asubuhi mpaka matumbo yakaanza kudai. Mume wangu alifuta machozi kwa leso. Njiani alinishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. "Umeona? Beko nanipenda, bote bananipenda," akasema. Mimi mwenyewe niliamini. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu, nikaanza kufikiria mapazia ya Fizi.

Siku ya kura alipanda lori alfajiri kwenda Fizi, kwani huko ndiko masanduku yangefunguliwa. Mimi nikabaki Baraka. Biro ya kura, mahali pa kupigia, ilikuwa kwenye darasa lake la zamani, na mimi nilijifanya nauza ndizi mbele yake ili nihesabu nyuso. Wafanyabiashara walikuja, watu wa mpinzani wake, mwenye duka la vitambaa. Wakulima walikuja. Mpaka saa saba hakuna mvuvi hata mmoja aliyekanyaga pale, na biro ingefungwa saa kumi na moja. Nilimwachia ndizi zangu mtu wa kwanza niliyemwona, nikakamata njia ya Mboko mbio mbio, viatu mkononi.

Niliwakuta wametulia. Wengine walilala, wengine walishona nyavu. Mwongoza kwaya alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti.

"Baba, siku ya kura ni leo," nikamwambia. "Mbona muko hapa?"

"Mama Mwalimu, siye sauti tulishamupa. Unasahau? Na we ulikuwa pale."

"Ile ilikuwa wimbo, baba."

"Alisema sauti. Tulimupa yote, mupaka makoo ikakauka. Iko anataka ingine?"

Nilikasirika, nasema kweli, lakini si kwao. Nilimkasirikia yule wa kalamu mbili, kisha nikaona akilini mbuzi wa Nundu wananitazama, hasira ikageuka mbio. "Sauti ya leo inaingia mu sanduku," nikamwambia.

Mzee akasogea karibu. "Sauti itaingia mu sanduku namna gani?"

"Unamutajia karani jina ya Mwalimu. Anaiandika ku karatasi, karatasi inaingia. Basi."

"Bila kuimba?"

"Bila kuimba, baba."

Alionekana kusikitika, lakini akasimama. Tukagawana kijiji. Niliita mlango kwa mlango. Waliolala niliwaamsha, na waliokuwa majini niliwaita kutoka ufukweni, nikipiga kelele mpaka mtumbwi wa mwisho ukageuza. Tuliondoka kundi zima, wao kwa safu zao za kwaya, maana hawakujua kutembea pamoja kwa namna nyingine. Mlangoni Mzungu wa teritwari, aliyesimamia kura, akaweka kidole mdomoni. Wakaingia mmoja mmoja, wakanong'ona. Yule wa besi peke yake alishindwa kunong'ona. Jina la mume wangu lilisikika hadi sokoni, na karani akamwomba aseme polepole. Wa mwisho alitoka, mlango ukafungwa.

Kesho yake lori lilirudi na mume wangu amesimama juu yake. Ameshinda. Nilitaka kupiga vigelegele kama wanawake wengine, nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Koo langu lilikuwa limekwisha kule ufukweni. Kwa siku tatu nilimpongeza kwa mikono tu, na hakuna siku tatu alizozifurahia zaidi katika ndoa yetu.

Aligombea tena na tena baadaye. Alishinda mara nyingine, akashindwa mara nyingine, na neno kura alijifunza kulitamka. Miaka ikapita, nasi wanawake tukaruhusiwa kupiga kura. Siku ile nilivaa kitenge kipya, nikapanga mstari, nikaingia peke yangu. Nilipotoka alikuwa ananingoja nje, mvi kichwani, kalamu mbili mfukoni, anajifanya anatazama ziwa.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "we kura yako uliniwekea mimi?"

"Baba," nikamjibu, "sauti nilishakupa."